Bosi anataka nishangilie chama chake kwenye kundi la kazi

Dada, pole. Umesema msimamizi wako anajaza kundi la WhatsApp la kazini picha za chama chake, na uliponyamaza akakuuliza mbele ya wenzako, "Wewe mbona kimya, uko upande gani?"

Mimi nimefanya kazi ghala moja hapa Dar na watu wa vyama vitatu. Tulikuwa tunabishana saa ya chai, chapati mkononi, mpaka mpishi anatufukuza. Hakuna aliyeumia, maana hakuna aliyekuwa anapanga zamu ya mwenzake. Kwako tatizo ni cheo. Anayekusainia likizo akikuuliza utampigia nani kura, hizo si soga tena.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa maoni yake ya kisiasa. Lakini usianze na sheria, utamwashia moto bure. Mfuate pembeni: "Bosi, kura yangu ni siri yangu, naomba kundi libaki la ratiba." Akianza kukukata zamu, andika tarehe na utunze picha za skrini. Akikuachisha kazi, una siku 30 tu kupeleka lalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, kwa hiyo usizimalize ukisubiri vikao vya ofisini.

Ila ulisema pia kwamba mtu akiulizia usafiri wa zamu ya usiku, kazini wanasema hiyo nayo ni "siasa"? Huo ni kazi kabisa. Huo uulizie hapohapo kwenye kundi.