Ferrari 360 ya kilomita chache: angalia haya kabla hujalipa

Mkuu, umeuliza kama Ferrari 360 Modena ya mwaka 2001 yenye kilomita 14,000 ni bora kuliko mwenzake yenye 58,000, kwa kuwa bei zimepishana mno. Nimemiliki magari ya aina hii na nimekwenda kuyakagua mengi kwa ajili ya jamaa zangu, kwa hiyo nivumilie, jibu ni refu. Mimi ningeanza na ile ya 58,000, ilimradi makaratasi yake ya sevisi yapo.

Magari haya yanaumizwa zaidi na kulala kuliko kukimbia. Ikikaa miaka bila kuwashwa, sili zinakauka na oili inaanza kuvuja, petroli inachacha kwenye tenki, maji ya breki yanavuta unyevu, betri inakufa. Halafu kuna belti ya taimingi. Kwenye 360 belti hiyo huhesabiwa kwa miaka. Wenye magari haya wengi huibadilisha kila baada ya miaka 3 hadi 5, hata kama gari haijatoka gereji. Ikikatika, vali zinagongana na pistoni na hapo huna injini tena. Afadhali ya 360 ni kwamba fundi anaifikia kupitia kifuniko kilicho nyuma ya viti. Kwenye F355 iliyotangulia ilibidi injini yote ishushwe, na F430 iliyofuata ikahamia kwenye cheni. Basi muulize muuzaji belti ilibadilishwa lini na risiti iko wapi. Akikwambia "mwenye gari wa kwanza alishabadilisha", hajakujibu.

Risiti zipange kwa tarehe, uangalie kilomita zinavyopanda. Pengo la miaka mitano bila karatasi yoyote lina maana yake. Angalia na tairi: ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi inaweza kuonekana nzima kabisa huku ina miaka kumi, na gari yenye nguvu za farasi 400 juu ya tairi ngumu namna hiyo sitaiendesha hata kwa majaribio.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Kuna Lamborghini Gallardo niliyokwenda kuiona asubuhi, nikaweka kiganja juu ya injini nikakuta vuguvugu. Mwenyewe akasema ameisogeza tu kupisha gari nyingine. Sikubishana, nikamwambia tutasubiri. Tulipiga soga hadi jioni, chuma kikapoa kabisa, ndipo nikamwomba awashe. Moshi wa buluu ukatoka upande mmoja wa ekzosi na haukukata, na ukisimama nyuma ulisikia harufu ya oili inayoungua. Asubuhi ile nisingeuona. Moshi wa buluu ni oili. Mweupe mzito usiokata hata injini ikishapata moto ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ni mafuta kuzidi. (Kwa Porsche 911, moshi kidogo wakati wa kuwasha ni kawaida, injini yake imelala bapa na oili hubaki kwenye silinda.)

Kama hiyo 360 ni ya F1, yaani gia za vibao nyuma ya usukani, huna pedali ya klachi ya kukuambia chochote kwa mguu. Inasomwa kwa mashine ya fundi inayochomekwa kwenye gari, na kompyuta ya giaboksi inatoa asilimia ya klachi iliyolika. Foleni na kurudi nyuma kwenye mwinuko ndivyo vinavyoila, kwa hiyo gari ya kilomita chache za mjini inaweza kuwa na klachi mbovu kuliko iliyokimbia barabara kuu. Soma namba hiyo mbele ya fundi wako, si wa muuzaji. Na kama klachi ilifungwa mpya lakini fundi hakuingiza vipimo vyake kwenye kompyuta, asilimia inadanganya. Rudi kwenye risiti.

Mashine hizo zina siri nyingine watu hawazitumii. Kwenye 911 kompyuta ya injini inahifadhi saa ilizofanya kazi. Gawanya kilomita kwa saa. Kilomita 20,000 kwa saa 1,500 ni mwendo wa wastani wa kilomita 13 kwa saa, na hapo jiulize nani ameichezea dashibodi. Inahifadhi pia mara ambazo injini ilizungushwa kupita kikomo chake. Kwa gia za mkono, mtu akikosea akaingiza ya pili badala ya ya nne, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini na hakuna kompyuta inayoweza kuzuia. Kwenye 911 ya kizazi cha 997 kumbukumbu hizo zina ngazi sita, kadiri mizunguko ilivyopanda. Zikiwepo za ngazi za juu, na za karibuni, mimi naondoka.

Bodi: kipima unene wa rangi kinasaidia kuonyesha palipopakwa upya, ila 360 ni ya alumini, kwa hiyo tumia kinachosoma alumini, cha bati tu hakitakuonyesha kitu. Kwenye paneli za kaboni hata hicho hakifai, tazama mipaka ya paneli na boliti zilizoguswa spana. Diski za breki za seramiki, kwa gari zilizo nazo, zikague kingo kama zimemeguka, kwa sababu bei ya seti yake inaweza kuua biashara yote. Vitufe vinavyonata vidole ndani ya Ferrari za miaka ile visikutishe. Ni mipako inayoyeyuka, kero tu. Bolijointi (viungo vya sospensheni) za 360 nazo huchoka, utazisikia zikilia kwenye matuta.

Mwisho ipandishwe kwenye lifti, vifuniko vya chini vifunguliwe, ipimwe kompresheni ya kila silinda na fundi anayeijua modeli hiyo. Muuzaji akikataa hilo, usimbembeleze.

Kwa hizo mbili zako, omba leo tarehe ya belti, karatasi ya klachi na picha ya DOT ya kila tairi. Ile ya 14,000 ikikosa belti ya karibuni, jumlisha belti, tairi, mipira ya maji na oili zote kwenye bei yake kabla hujazilinganisha. Ukitumiwa risiti zitupie hapa, ufiche majina, tuzipitie.