Maswali na Majibu: Helmeti za Mteremkoni na Glavu za Kutelezea za Kujitengenezea

SWALI

Shikamoo mhandisi. Mimi ni kijana wa Nkuhungu, Dodoma. Wenzangu wanne na mimi huteremka kwa sketibodi, yaani ubao wa magurudumu, alfajiri, kabla magari hayajawa mengi, kwenye mteremko wa lami upande wa Mlimwa. Tuna kofia za aina tatu: helmeti ya bodaboda inayofunika uso, helmeti ya baiskeli ya mtumba, na kofia ngumu ya fundi ujenzi. Ipi inafaa? Pili, glavu za kutelezea hatuzipati madukani, kwa hiyo tulishona vipande vya mpira wa tairi, kama ule wa katambuga, kwenye viganja vya glavu za kuchomelea vyuma. Mwenzetu alipoweka mkono chini, glavu iling'ang'ania lami naye akapinduka, na mpaka leo, wiki ya pili, kifundo cha mkono kinamuuma. Tulikosea wapi, na je, tunaweza kutengeneza zinazofaa?

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Naanza na glavu, kwa sababu kosa lililofanyika hapo ndilo linalofanyika pia wakati wa kuchagua helmeti: mlitafuta kitu kigumu kisichochanika, bila kujiuliza kinatakiwa kufanya kazi gani kinapokutana na lami. Mpira wa tairi umeundwa ushike barabara. Ndiyo maana gari halitelezi ovyo kwenye kona, na ndiyo maana mfugaji aliyevaa katambuga hupanda mwamba bila wasiwasi. Mwenzenu alipoweka kiganja chini akiwa katika mwendo, mkono ulisimama papo hapo, mwili ukaendelea na safari, na kifundo cha mkono kilichokuwa katikati kikabeba tofauti yote. Glavu ya mteremkoni inatakiwa ifanye kinyume chake: iteleze, na iteleze kwa namna ile ile kila mara, ili mkono uwe kama mguu wa tatu ambao mteremkaji anauegemea anapougeuza ubao ukae kikingama na kupunguza kasi. Mtindo huo ulikuzwa na Cliff Coleman kwenye vilima vya Berkeley, California, katika miaka ya 1970, na mojawapo ya migeuko hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Glavu hiyo, basi, ni breki kabla ya kuwa kinga.

Helmeti nayo ina kazi yake, na kazi hiyo ni kupondeka badala ya kichwa. Ndani ya helmeti nzuri kuna povu gumu jeupe, la jamii moja na lile linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Kichwa kinapogonga chini, povu hilo hubonyea, na katika milimita hizo chache za kubonyea ubongo hupata nafasi ya kusimama kwa ukali mdogo kuliko ambao ungeupata kwenye lami tupu. Likishapondeka halirudi kama lilivyokuwa, kwa hiyo helmeti ya aina hiyo iliyopokea pigo moja kubwa imekwisha, hata kama ganda lake linang'aa.

Kofia ya fundi ujenzi iondoeni kabisa. Mimi nimefanya kazi ya vifaa vya usalama kazini kwa miaka mingi na ninaiheshimu sana kofia hiyo mahali pake, lakini imetengenezwa kwa ajili ya tofali au spana inayodondoka kutoka juu. Pembeni na kisogoni, ambako mteremkaji hugonga, ulinzi wake ni mdogo. Isitoshe, katika toleo la 2012 la kiwango cha Ulaya cha EN 397, mkanda wa kidevu hutakiwa uachie wenyewe ukivutwa kwa nguvu ya kati ya nyutoni 150 na 250, yaani kama uzito wa kilo 15 hadi 25, ili mfanyakazi asinyongwe kofia yake ikinasa kwenye chuma. Jambo hilo ni uhai kwa fundi aliye juu ya jukwaa, lakini kwenu ninyi maana yake ni kwamba kofia inaweza kutoka kichwani katikati ya anguko.

Helmeti ya baiskeli mliyoikuta kwenye mitumba huenda ni nzuri, ila inabidi ikaguliwe. Tafuteni lebo ndani yake. Maandishi EN 1078 yanamaanisha kiwango cha Ulaya kinachohusu baiskeli, sketibodi na viatu vya magurudumu kwa pamoja. Katika jaribio lake, helmeti iliyovalishwa kichwa cha bandia huangushwa juu ya chuma bapa kwa kasi ya takriban mita 5.4 kwa sekunde, yaani kama kudondoka kutoka kimo cha mita 1 na nusu, na mshtuko unaofika kichwani hautakiwi kuzidi mara 250 ya nguvu ya uvutano wa dunia. Ikiwa imetoka Marekani mtaona herufi CPSC, kiwango kinachotumika kisheria tangu 1999, ambacho huangusha helmeti kutoka mita 2 na kuruhusu hadi mara 300.

Msomaji makini atauliza: mita 5.4 kwa sekunde si hata kilomita 20 kwa saa, ilhali mteremko unaoshuka mita 10 tu kutoka juu hadi chini ungempa mtu kilomita 50 kwa saa kama kusingekuwa na upepo wala msuguano. Je, jaribio hilo lina maana gani? Lina maana, kwa sababu mtu akianguka kwenye barabara iliyo wazi, kichwa hugonga lami kwa kasi ya kudondoka kutoka kimo chake mwenyewe, na ile kasi ya kwenda mbele huisha taratibu kwa kuburuzika, alimradi ganda la helmeti ni laini na la mviringo, lisilo na pembe za kunasa. Hali hubadilika kabisa anapogonga kitu kilichosimama mbele yake, kama ukingo wa kalavati, nguzo au bampa la lori. Hapo kasi yote ya mbele huwa pigo, na kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya pigo huongezeka mara nne. Hakuna helmeti niijuayo ambayo ningethubutu kumwambia kijana kwamba itamlinda akigonga kalavati kwa kilomita 50 kwa saa. Kwa sababu hiyo, kuchagua barabara yenye pembezoni wazi, na kuweka mtu chini ya mteremko anayeashiria kama kuna gari linapanda, ninakuhesabu kuwa sehemu ya vifaa vya kinga, tena sehemu ya kwanza.

Kwa mwendo mnaousimulia ninapendelea helmeti inayofunika uso mzima, kwani anayeanguka kifudifudi hutanguliza kidevu na meno, na helmeti ya baiskeli ya kawaida haina lolote la kufanya hapo. Mashindano ya kuteremka kwa sketibodi ya kimataifa huitaka helmeti ya namna hiyo pamoja na suti ya ngozi. Helmeti yenu ya bodaboda inaweza kufaa ikiwa ni ya kweli, na neno hilo nalisema kwa uzito, kwa sababu baadhi ya zinazouzwa ni ganda jembamba lililowekewa sifongo laini na kitambaa. Inueni kitambaa cha ndani. Mkikuta povu gumu jeupe au jeusi lililozunguka kichwa chote, hadi kwenye paji la uso na kisogoni, endeleeni na ukaguzi. Mkikuta sifongo inayobonyea kwa kidole kama ya godoro, hiyo ni mapambo. Kwenye lebo iliyoshonwa katika mkanda wa kidevu tafuteni herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba ya nchi iliyoidhinisha. Hiyo ni alama ya kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa kuhusu helmeti za pikipiki. Hasara zake ni uzito, ambao mara nyingi hufika kilo 1 na nusu, na kupungua kwa usikivu, kwa hiyo geuzeni kichwa kuangalia nyuma na msitegemee kusikia gari. Ile ya baiskeli, ikipita ukaguzi, itumieni kwa mazoezi ya kugeuza ubao kwa kasi ndogo.

Ukaguzi wenyewe msiuharakishe. Niliwahi kuvaa helmeti ya mtumba kwa miezi kadhaa, nje ikiwa safi kama mpya, mpaka siku nilipong'oa vitambaa ili nivifue nikakuta ufa mwembamba kwenye povu kutoka karibu na sikio hadi kisogoni. Tangu hapo sivai helmeti ambayo sijaiona ndani. Tafuteni nyufa, sehemu zilizobonyea na kung'aa, na mikanda iliyochanika nyuzi. Msiipake rangi wala kuisafisha kwa petroli au tina, kwa sababu vimiminika hivyo hula povu na baadhi ya maganda ya plastiki, na msiiache ikianikwa kwenye jua la Dodoma mchana kutwa. Ikivaliwa, ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda uruhusu kidole kimoja tu chini ya kidevu, na mkitikisa kichwa, ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo.

Sasa turudi kwenye glavu, ambazo mnaweza kabisa kuzitengeneza wenyewe. Glavu za ngozi za fundi wa kuchomelea ni msingi mzuri. Ng'oeni tu ule mpira. Kinachotakiwa kiganjani ni kisahani cha plastiki ngumu yenye utelezi, na ile inayopatikana kirahisi ni polietilini nzito, ambayo hutengenezewa vibao vyeupe vya kukatia nyama. Chagueni kibao chenye unene wa milimita 12 hivi. Ili kuhakikisha, kateni kipande kidogo mkizamishe kwenye ndoo ya maji: polietilini huelea, wakati PVC ya mabomba huzama. Polipropilini nayo huelea, na kwa kazi hii inavumilika. PVC msiitumie, kwani hupasuka vipande, na ikipata joto kali hutoa mvuke wenye asidi. Mbao pia hapana, kwa sababu huchanika vibanzi.

Kateni duara la sentimita 8 kwa msumeno wa chuma, kisha mzungushe tupa na msasa kwenye ukingo wa upande wa lami mpaka uwe mviringo kabisa. Hatua hiyo msiipuuze, kwa kuwa barabara zetu nyingi zina lami ya kokoto zinazojitokeza, na ukingo mkali wa kisahani utanasa kwenye kokoto kama ule mpira ulivyonasa. Kisahani kingine chembamba kishoneni chini ya vidole, kwa kuwa mkono ukiinama mbele vidole ndivyo huburuzika.

Tatizo kubwa ni namna ya kukishikilia. Gundi ya viatu haishiki polietilini hata muisugue vipi, na velkro (utepe wa vipande viwili vinavyonasana) yenye gundi yake hubanduka baada ya miteremko michache. Skrubu siipendi: plastiki ikilika, kichwa cha chuma hufika kwenye lami, hunasa, na hupeleka joto moja kwa moja kiganjani. Njia ninayoipendekeza ni ya kushona. Kwa patasi, chimbeni upande wa lami mifereji minne mifupi yenye kina cha milimita 8, toboeni matundu mawili katika kila mfereji, kisha mpelekeeni fundi viatu akishone kisahani kwenye kipande cha ngozi nene kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Uzi ukikaa chini kabisa ya mfereji, mtakuwa na milimita 8 za plastiki za kulika kabla haujaguswa na lami. Mimi hubadilisha kisahani zikibaki milimita 2 kufika kwenye uzi.

Kipande hicho cha ngozi ndicho kishonewe velkro pana, na upande wake wa pili ushonwe kwenye glavu, kiganja kizima. Wengine hukishona kisahani moja kwa moja kwenye glavu wakidhani ni imara zaidi. Ni imara zaidi, ndiyo, lakini velkro ina faida kama ya fyuzi kwenye umeme: kisahani kikinasa kwenye ufa wa barabara, afadhali kibanduke chenyewe kuliko nguvu hiyo kwenda kwenye mfupa. Isiwe dhaifu kupita kiasi, hata hivyo. Vaeni glavu, kisha mwenzenu afunge kamba kwenye kisahani na kuning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, mvuto ukielekea sambamba na kiganja. Ikibanduka, ongezeni eneo la velkro. Baada ya hapo pigeni magoti kwenye lami, egemeeni mkono na kuuburuza, kabla ya kupanda ubao kwa mwendo wa mtu anayetembea. Polietilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, kwa hiyo geuzeni kwa vipindi vifupi na kuinua mkono. Mchanga ambao upepo wa kiangazi na makorongo ya masika huuleta barabarani uzoeni kuufagia kabla ya kuteremka, kwani juu yake magurudumu na glavu vyote huteleza kwa namna isiyotabirika.

Magotini vaeni pedi zenye kikombe kigumu cha plastiki kwa nje, kwa sababu ile ile ya kuteleza. Pedi laini za mpira wa wavu hushika lami. Viatu viwe vya kufunika mguu mzima.

Limebaki la mwenzenu, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko mengine. Mimi si tabibu, lakini katika kazi yangu tumefundishwa kuliogopa anguko la kiganja lenye maumivu yasiyoisha, hasa yakiwa kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, upande wa nyuma ya mkono. Hapo kuna mfupa mdogo uitwao skafoidi, ambao hupata damu kwa shida, na ukivunjika bila kutibiwa unaweza usiunge. Ufa wake huweza usionekane kwenye picha ya eksirei ya siku za mwanzo, ndiyo maana madaktari huirudia baada ya siku 10 hadi 14. Wiki ya pili ndiyo hii. Mpelekeni hospitali kesho asubuhi, amweleze daktari kwamba alianguka akiwa amenyoosha mkono na aoneshe kwa kidole mahali hasa panapouma. Na hata kama alikwisha kupigwa picha mara ya kwanza akaambiwa hakuna kitu, aombe ipigwe tena.