Sotoka si iliisha? Mbona mbuzi wanachanjwa?

SWALI: Habari mhariri. Juzi mtu wa mifugo kaja kuchanja mbuzi wetu, anasema ni ya sotoka. Mimi najua sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ilishatokomezwa dunia nzima, tena kuna mzungu aliitengenezea chanjo hapa hapa Kenya. Huyo mzungu ni nani, na nani anasema kweli? – Mfugaji, Narok

JIBU: Wote mko sawa, mbuzi nitawafikia. Huyo ni Walter Plowright, daktari wa mifugo Mwingereza aliyezaliwa 1923. Alifika maabara ya Muguga, karibu na Nairobi, mwaka 1950, akaenda Nigeria kidogo halafu akarudi Muguga, akaja kuondoka 1971. Chanjo za sotoka zilikuwepo kabla yake ila ile ya virusi vilivyopunguzwa nguvu kwa kupitishwa mwilini mwa mbuzi mmoja hadi mwingine ilikuwa bado kali, ng'ombe wengine ukiwachanja wanaugua kwelikweli, sasa mfugaji gani atakupa zizi lake? Plowright na wenzake wakachukua virusi kutoka Kabete wakavikuza kwenye seli za figo za ndama, vikikua wanavihamishia kwenye seli mpya, tena na tena, karibu mara 90, mpaka vikapoteza ukali lakini mwili wa ng'ombe bado unavitambua na kujikinga. Sindano moja, kinga ya maisha, hata ng'ombe mwenye mimba anachanjwa. Kazi ya miaka hiyo, ya kurudia kitu kile kile, mimi nisingeiweza.

Na hakuishia hapo. Nyie Wamaasai mlijua zamani sana kwamba nyumbu wakizaa msiwakaribie na ng'ombe, wataambukizwa ugonjwa mwingine unaoua, homa mbaya ya mafua (malignant catarrhal fever). Plowright ndiye akavipata virusi vya ugonjwa huo kwa nyumbu mwaka 1960, baadaye ikaonekana ndama wa nyumbu wanavitoa kwa makamasi na machozi.

Mgonjwa wa mwisho wa sotoka alipatikana 2001, nyati wa Hifadhi ya Meru, hapa Kenya. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani 1999, akafariki 2010, na tangazo rasmi la kutokomezwa likatoka 2011, yaani alilikosa kwa mwaka mmoja tu, inauma.

Sasa mbuzi. Hiyo inaitwa sotoka ya mbuzi na kondoo, virusi vyake ni ndugu wa vile vya ng'ombe ila si vyenyewe, na bado vipo vinaua. Zamani hata hiyo chanjo ya Plowright ilitumika kuwakinga mbuzi, siku hizi wana ya kwao. Kwa hiyo mtu wenu hajawadanganya, mwacheni achanje, na kondoo pia msiwafiche.