Choma kwanza, kereza mwisho: nako za nyuma za gari la kuunda mwenyewe

Nako, kipande cha chuma kinachoshika gurudumu, ndiyo inayobeba beringi, habu (kitovu cha gurudumu) na kalipa (kibano cha breki kinachobana diski), kwa hiyo breki ikishikwa, nguvu yote inapitia hapo. Piga hesabu: tairi lenye nusu kipenyo cha sentimita 29, likisimamishwa kwa niutoni 1,200, linaifanya kalipa iliyo sentimita 11 kutoka katikati ya habu kuisukuma braketi yake kwa takriban niutoni 3,160. Huo ni uzito wa kilo 320. Kwa hiyo mwili wa nako unaweza kuwa boksi la bamba la milimita 4, lakini braketi ya kalipa iwe ya milimita 10.

Kosa ninaloliona sana ni kumpelekea fundi kerezo bushi ya beringi (bomba fupi ambamo beringi hukaa) kwanza, halafu kuichomelea ikiwa imeshafikia kipimo. Chuma kikipoa kinavuta, na tundu linakuwa umbo la yai. Beringi iliyogongwa humo itapata joto, italia na kufa mapema. Acha milimita 2 za ziada ndani, chomelea vipande vifupi kwa kubadilisha pande, nako ikiwa imefungwa kwenye jigi nzito, yaani fremu ya kuishikilia isipinde. Ipoe yenyewe, usimwagie maji. Ndipo uipeleke kerezo pamoja na beringi yenyewe: tundu liwe dogo kuliko beringi kwa milimita 0.02 hadi 0.05, lipimwe kwa maikromita, na uso wa mbele ulainishwe bila kuifungua nako kwenye mashine.

Braketi usiiweke kwa kufuata mchoro. Funga diski kwa nati zote, vaa kalipa na pedi mpya, kisha sawazisha nafasi pande zote mbili kwa vipande vya bati. Shikiza braketi kwa nukta chache, toa kalipa (mpira wa ndani huungua), ndipo umalizie kuchoma. Hakikisha nipeli ya kutolea upepo inaangalia juu. Ukibadilisha kalipa ya kushoto na ya kulia, hewa inabaki ndani na pedali italegea hata ukitoa upepo siku nzima.

Chagua kalipa yenye mkono wa hendibreki tangu mwanzo. Kwa vumbi la Dodoma, usitupe bati la kukinga diski. Diski ikizungushwa isiyumbe zaidi ya milimita 0.1.

Jaribu kwenye lami kavu, mwendo mdogo. Tairi za nyuma zikikwama kabla ya za mbele, gari litageuka, kwa hiyo punguza presha ya nyuma kwa vali kabla hujathubutu kushuka mteremko mkali wa Nyang'oro.