Protini za utando: maswali yenu kuhusu sabuni, nanodiski na liposomu

Protini za utando hukaa ndani ya lipidi, yaani mafuta yanayounda utando wa seli; hutolewa humo kwa sabuni, kisha huweza kurudishwa kwenye lipidi za nanodiski (vidiski vidogo vilivyozungushiwa mkanda) au liposomu (viputo). Maswali mengi safari hii yametoka kwa wanafunzi wa uzamili waliokwama katikati: protini imeshatoka kwenye seli, lakini haitulii au haifanyi kazi. Tumeyafupisha.

Protini yangu ina mkia wa histidini, unaoshika nikeli, na inatoka vizuri kwa DDM (sabuni ya dodesili maltosidi) ya asilimia 1. Nikiikoleza baada ya kolamu ya nikeli inageuka ukungu mweupe. Nibadilishe bafa?

Kwanza hakikisha ilitoka kweli. Baada ya kuchanganya utando na DDM kwa saa moja au mbili kwenye nyuzi 4, zungusha kwenye sentrifuji kwa g 100,000 kwa saa nzima. Wengi huishia g 20,000 kwa kuwa ndiyo mashine iliyopo, wanaona protini kwenye kimiminika cha juu na kusonga mbele. Vipande vidogo vya utando havishuki kwa nguvu hiyo. Ulichonacho huenda ni utando uliovunjikavunjika, si protini iliyoyeyuka.

Kama ilitoka, tazama kiwango cha sabuni. DDM huanza kuunda misela (vifundo vya molekuli za sabuni) kwenye milimolari 0.17 hivi, karibu asilimia 0.009. Chini ya hapo sehemu za protini zinazochukia maji hubaki wazi na kushikamana zenyewe kwa zenyewe. Kila bafa, ya kuosha, ya kutolea na ya kolamu ya ukubwa (inayotenganisha protini kwa ukubwa), iwe na asilimia 0.02 hadi 0.05. Bafa moja iliyosahaulika inatosha kuua kazi ya wiki.

Kukoleza nako kuna mtego wake. Misela tupu ya DDM ina uzito wa kilodaltoni 70 hivi. Kichujio cha kilodaltoni 30 au 50 kinaizuia pamoja na protini, kwa hiyo ukipunguza ujazo mara ishirini, sabuni nayo inapanda karibu mara ishirini, na hapo inaanza kunyonya lipidi zilizobaki kwenye protini. Tumia kichujio cha kilodaltoni 100 kama protini pamoja na misela yake ni kubwa kuliko hapo. Ukungu ukiendelea, punguza kuosha kwenye nikeli na uongeze lipidi kidogo kwenye bafa, kwa mfano miligramu 0.1 kwa mililita ya lipidi za *E. coli*. Kwa protini za wanyama, jaribu kolesteroli hemisaksineti, sehemu moja kwa kumi za DDM kwa uzito. Protini ikitulia ghafla, umeshajua ilikuwa inakosa nini.

Mbona miundo mingi maarufu ilipatikana kwenye sabuni tupu? Lipidi zina umuhimu gani hasa?

Umbo na kazi havidai vitu vilevile. Chaneli ya potasiamu ya KcsA ilichorwa mwaka 1998 na kundi la Roderick MacKinnon kutokana na fuwele zilizokuzwa kwenye sabuni, na kazi hiyo ilichangia Nobel yake ya 2003. Hata hivyo, ukiiweka chaneli hiyohiyo kwenye utando usio na lipidi zenye chaji hasi, haipitishi ioni inavyopaswa. Mfano mkali zaidi ni LacY, kisafirishi cha laktosi cha *E. coli*. Bakteria asiye na fosfatidiletanolamini (aina ya lipidi) huiunda LacY ikiwa na nusu yake ya mwanzo imepinduka juu chini, na haiwezi tena kukusanya sukari dhidi ya mteremko wa ukolezo. Kwa hiyo umbo zuri lililotoka kwenye sabuni ni jibu la swali moja tu. Kazi ipimwe kwenye lipidi.

Nataka kuweka protini yangu kwenye nanodiski za MSP1D1 (protini ya mkanda) na POPC (lipidi). Kila nikijaribu napata kilele kikubwa mwanzoni mwa kolamu. Uwiano sahihi ni upi?

Kilele cha mwanzoni kabisa, karibu mililita 8 kwenye kolamu ya ukubwa ya Superdex 200 ya sentimita 30, ni mkusanyiko au liposomu, na chanzo cha kawaida ni lipidi nyingi mno. Kwa diski tupu, MSP1D1 moja huenda na POPC 65 hivi, na kila diski ina mikanda miwili ya MSP. Protini yako inakalia nafasi ya lipidi, kwa hiyo anza chini ya hapo na ujaribu uwiano tatu kwa pamoja, mathalani 40, 50 na 60, kwa ujazo mdogo.

Tuchukue mililita moja yenye MSP1D1 ya mikromolari 100. Kwa uwiano wa 65 utahitaji POPC milimolari 6.5, sawa na miligramu 4.9. Kolati ya sodiamu, ambayo ni sabuni, iwe angalau mara mbili ya lipidi, yaani milimolari 13. Sisi tungeweka 20 ili mchanganyiko uwe mwangavu kabisa. Ukiwa na ukungu kabla ya kuongeza MSP, usiendelee. Protini lengwa iwe mikromolari 5 hadi 10, ili diski tupu ziwe nyingi na uwezekano wa protini mbili kuingia diski moja uwe mdogo. Baadaye utazitenganisha kwa mkia wa histidini wa protini, mradi mkia wa MSP umeshakatwa kwa kimeng'enya cha TEV.

Joto linafuata lipidi. POPC hulainika kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri, hivyo fanya kazi kwenye nyuzi 4. Lipidi ya DMPC inataka nyuzi 24 hivi, na DPPC karibu 41, joto ambalo protini nyingi haziwezi kulivumilia. Shanga za Bio-Beads, zinazonyonya sabuni, zioshwe kwa methanoli, kisha maji mengi, kisha bafa. Zikiwa kavu zinaelea na hazifanyi kitu. Weka gramu 0.5 hadi 0.8 kwa mililita.

Kosa lisiloonekana liko kwenye kupima lipidi. Zinakuja kwenye klorofomu, na klorofomu hutoroka hata chupa ikifungwa, kwa hiyo ukolezo halisi hupanda juu ya ule ulioandikwa kwenye lebo kadiri miezi inavyopita. Chota kwa sirinji ya kioo, si kwa ncha za plastiki. Kausha kwa nitrojeni, acha kwenye vakumu usiku kucha, na inapowezekana pima fosfeti ili ujue lipidi ni kiasi gani hasa.

Naweza kuruka sabuni kabisa kwa kutumia SMA (polima ya stireni na asidi ya maleiki)?

Unaweza. Polima hiyo hukata utando kuwa diski za takriban nanomita 10, protini ikiwa bado na lipidi zake za asili. Kiwango cha kawaida ni asilimia 2.5, kwa pH ya 7.5 au zaidi. Ubaya wake: magnesiamu au kalsiamu ya milimolari chache huiangusha, kwa hiyo protini inayotumia ATP ni shida, kwani ATP huenda na magnesiamu. DIBMA, polima nyingine ya aina hiyo, inavumilia zaidi. Tena SMA hunyonya mwanga wa urujuanimno, kwa hiyo usiamini kipimo cha nanomita 280, na inashindana na histidini kwenye nikeli. Acha mchanganyiko ukae na resini usiku kucha.

Liposomu zangu zinaingiza dutu ninayoipima, lakini hata zisizo na protini zinaingiza kidogo. Nitajuaje huo ni usafirishaji na si kuvuja?

Mshukiwa wa kwanza ni sabuni iliyobaki. DDM haitoki kwa dayalisisi kwa sababu molekuli zilizo huru ni chache mno kupita kwenye mfuko. Sabuni za kolati na oktili glukosidi hutoka. Tumia shanga, miligramu 40 kwa mililita, ukiongeza mafungu mapya mara nne hivi hadi asubuhi. Liposomu tupu nazo zipitie sabuni ileile na shanga zilezile. Ukilinganisha na liposomu ambazo hazikuguswa na sabuni, hujalinganisha kitu.

Kupima uvujaji, fungia ndani kaboksifluoresini ya milimolari 50 au zaidi. Kwa ukolezo huo inajizima. Ikivuja, mwanga unaongezeka.

Kisha endesha usafirishaji kwa nguvu unayoijua. Weka potasiamu milimolari 120 ndani na 1.2 nje, ukisawazisha kwa sodiamu, kisha ongeza valinomisini, inayopitisha potasiamu kwenye utando. Utapata volti karibu milivolti 118, hasi ndani. Kinachofuata volti hiyo, na kinachokosekana kwenye protini iliyobadilishwa isifanye kazi, ndicho cha kuandika. Kumbuka pia kwamba protini huenda zimeelekea pande zote mbili. Kimeng'enya cha kukata, kikiwekwa nje pekee, kitaonyesha ni sehemu gani inafikika.

Nimesikia kwamba klorokwini, dawa ya malaria, ilishindwa kwa sababu ya protini ya utando. Je, umbo lake linajulikana?

Ndiyo, PfCRT, iliyo kwenye utando wa kivakuoli cha kumeng'enyea cha *Plasmodium falciparum*, kimelea cha malaria. Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998, Tanzania 2001. Umbo lilichapishwa 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali, kwa angstromu 3.2. Protini ni ndogo, kilodaltoni 49, na ndani ya nanodiski inafifia kwenye picha kwa kuwa karibu yote imezama kwenye lipidi. Waliifunga na kipande cha kingamwili ili picha zipate alama ya kuzipangia. Mabadiliko mengi ya usugu yamezunguka shimo la katikati lenye chaji hasi. Lile maarufu, K76T, huondoa lisini yenye chaji chanya, na klorokwini, ambayo nayo ina chaji chanya kwenye asidi ya kivakuoli, inapata njia ya kutoka. Kundi hilohilo liliiweka protini kwenye liposomu na kupima uingiaji wa dawa.

Kwenye jeli ya SDS (ya kutenganisha protini kwa uzito) protini yangu inabaki kisimani. Kwa nini?

Umeichemsha. Protini za utando hushikamana kwenye nyuzi 95 na haziingii tena kwenye jeli. Acha kwenye bafa ya sampuli kwa nyuzi 37 kwa dakika 20, na usishangae ikikimbia kana kwamba ni nyepesi kuliko uzito wake halisi. KcsA ambayo haijachemshwa hubaki hata na vipande vyake vinne pamoja.