Uzamili wa kriminolojia: anza na kitabu cha OB

Shemeji yangu alipoibiwa simu pale Githurai, alinipigia mimi kabla ya kwenda polisi. "Si wewe ndiye msomi wa wezi?" Wadogo zangu mnaoanza uzamili wa kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, hapa Kenya, hilo lizoeeni mapema. Ila nanyi wazo hilo la kukamata wezi mlitoe vichwani mwenu, maana darasa la kwanza huwa limejaa watu waliokuja kusaka wauaji.

Kazi yetu kubwa ni karatasi. Nenda ukakae kwenye benchi la kituo cha polisi asubuhi moja tu. Mama anakuja kulalamika kaibiwa kuku. Anaambiwa akajaribu kwanza kwa mzee wa mtaa, anaondoka bila namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Mwingine kapigwa na mumewe. Huyu anaandikwa, anapewa P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ijazwe na daktari, basi harudi tena. Takwimu za mwaka zikitoka, kuku hayumo kabisa na kipigo kimo nusunusu. Asiyejua hayo atachora grafu safi kuonyesha jinsi mtaa ule ulivyo na amani.

Mimi nilipoteza miezi mitano kwa ujinga wangu. Nilitaka kuhoji wafungwa wa wizi wa mabavu. Nikapata leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nikadhani nimefika, kumbe Magereza nao wana kibali chao, na kamati ya maadili ya chuo ikaniuliza: mfungwa anaweza kweli kukataa kuhojiwa askari jela akiwa amesimama mlangoni? Sikuwa na jibu. Nikahamia kortini, ambako kesi nyingi husikizwa hadharani na kiti ni bure. Nikawa naandika mambo matatu: nani kapewa dhamana, ya kiasi gani, na nani karudishwa rumande kwa kukosa hela. Daftari lile limenifaa kuliko tasnifu yenyewe.

Kuhusu ajira, wengi hukimbilia IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, au Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu, na si vibaya. Mimi ningewasukuma kwenye probesheni, idara inayochunguza na kusimamia wahalifu nje ya gereza, ingawa mshahara si wa kujivunia. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji. Wafungwa wakaanza kurudi kortini kuomba wahukumiwe upya. Hapo jaji anataka kujua huyu mtu sasa ni nani, na nyumbani kukoje. Afisa wa probesheni ndiye anayekwenda kuketi na nyanyake mfungwa, kisha anavuka ua kwenda kwa jamaa za marehemu kuuliza kama mfungwa akirudi watamvumilia. Ripoti yake ina kurasa chache, wala haina nadharia hata moja ndani yake, lakini mtu anaweza kutoka au kubaki ndani kwa sababu yake. Jifunzeni kuandika sentensi fupi.

Na jifunzeni Excel, tafadhali. Nilipoitwa mahojiano ya kazi kwenye kitengo cha ulaghai cha benki fulani, walinipa faili la miamala elfu tatu, saa moja na kikombe cha chai. Durkheim, yule mwanasosholojia wa darasani, hakutajwa. Nilichokiona ni namba moja ya simu iliyokuwa ikipokea shilingi mia mbili mia mbili kutoka kwa watu tofauti, kila Jumatatu kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Nikaizungushia rangi nyekundu, nikamaliza chai.