Kermit wangu hafanani: niagize kitambaa Marekani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea, Morogoro. Nimemshona Kermit, yule chura wa runinga, kwa ajili ya darasa langu. Kichwa nimekichonga kwa sponji la godoro, nikakivisha flisi ya kijani ya mtumba. Macho ni nusu mbili za mpira wa tenisi ya meza. Kila anayemwona anasema ni chura, lakini si Kermit. Kuna jamaa mtandaoni anayeniambia sitaweza bila kitambaa halisi kutoka Marekani na ramani asili ya kukatia, na vyote anauza yeye. Niagize?

JIBU: Usiagize, mwalimu. Swali hili haliniishi, na kila anayeliuliza keshaaminishwa kwamba siri ya kikaragosi iko kwenye kitambaa. Haiko huko.

Kermit wa kwanza alishonwa na Jim Henson, Mmarekani aliyembuni na kumchezesha, mwaka 1955 kutokana na koti kuukuu la mama yake, na macho yakatoka kwenye mpira wa tenisi ya meza, kama yako. Koti lile lilikuwa la rangi ya feruzi iliyofifia, wala si kijani hiki tulichokizoea. Ule ukosi wenye ncha haukuwepo, na wala hakuwa chura bado. Pamoja na hayo, ukiiona picha ya kikaragosi kile cha zamani unamtambua papo hapo. Sasa huyo mfanyabiashara wako atuambie, kitambaa halisi ni kipi?

Kinachokuangusha kwanza ni sponji. Kichwa cha Kermit hakijazwi. Kinachokaa ndani ni mkono wa mchezeshaji, vidole vinne juu na dole gumba chini likiwa ndiyo taya, na kitambaa kinafuata kila vidole vinapojikunja. Ndiyo maana anaweza kukunja uso na kubana midomo pasipo waya wala mtambo. Wewe umempa fuvu, kwa hiyo anafungua na kufunga mdomo, basi. Litoe lote. Kisha ukimsemesha, shusha dole gumba. Usiinue vidole vya juu, maana atakuwa anatazama dari kwa kila neno.

La pili, na hili ndilo linaloniudhi kuona watu wakilipuuza, ni macho. Don Sahlin, aliyeunda vikaragosi vingi vya Henson, hakuwa akibandika macho mpaka Henson awepo, wakatazama pamoja kama kikaragosi kina mahali kinapotazama. Mboni zikikaa katikati kabisa ya kila jicho, kikaragosi kinakodolea hewa. Zisogeze kidogo kuelekea puani, atakuwa anakuona wewe. Halafu mboni ya Kermit si doa la duara tupu. Ina mkono mmoja mmoja wa mlalo kila upande. Kata mboni kwenye karatasi nyeusi na uzishikize kwa gundi hafifu inayobanduka. Vaa kikaragosi, jirekodi kwa simu ukiwa unajitazama kwenye kioo chake, kama wachezeshaji wa Henson wanavyojitazama kwenye skrini wakati wa kurekodi. Sogeza milimita moja, tazama tena. Gundi ya kudumu ije mwisho kabisa.

Kuhusu kitambaa chenyewe: mafundi wa Marekani wanapenda flisi ya Antron kwa sababu ni nailoni, inapokea rangi vizuri, na manyoya yake yanaficha mshono. Flisi ya mtumba kwa kawaida ni poliesta. Usiichemshe na rangi za pamba za sokoni, haitashika. Chagua iliyo kijani tayari. Ukimaliza kushona, chokonoa kwa ncha ya sindano nyuzi zilizobanwa na uzi, pole pole mshono mzima, kisha piga brashi ya meno. Mshono utafifia mpaka uutafute kwa kidole.

Narudi kwa huyo muuzaji, kwa sababu hayuko peke yake. Wamejaa mitandaoni, na wanawashika hasa walimu na wazazi wenye fedha kidogo na hamu kubwa. “Ramani asili” wanayoiuza wameikisia kwenye picha. Ukiikata utapata kichwa kile kile cha boga walichompa mteja aliyekutangulia. Wengine wanauza Kermit mzima aliyekwisha kushonwa, macho yamegandishwa kwa gundi ya moto yakitazama kila moja njia yake. Wengine wanadai wana “kibali”. Kermit ni mali ya Disney tangu mwaka 2004. Kumshonea mtoto wa darasa lako kikaragosi na kumfanyia biashara ni mambo mawili tofauti, na anayekuuzia kibali hicho kwa ujumbe wa simu mwombe akuonyeshe karatasi kabla hujatuma hata shilingi.